LC1: Serikali ya kijiji nchini Uganda na kura ya mlolongo

Nchini Uganda, raia anayetaka kitambulisho cha taifa, anayeuza kiwanja au anayefuatilia dhamana ya ndugu yake kituo cha polisi, kwa kawaida huanza safari yake nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji. Kiongozi huyo, ajulikanaye kama mwenyekiti wa LC1, hachaguliwi kwa karatasi ya siri. Wakazi hujipanga mstari nyuma ya mgombea wamtakaye, mchana kweupe, na kila mmoja akamwona jirani yake amesimama wapi.

Cheo hicho ndicho cha chini kabisa katika ngazi za utawala wa Uganda, lakini ndicho kinachokutana na mwananchi mara nyingi zaidi. Mshindi wa mlolongo huondoka uwanjani akiwa na muhuri mkononi, na waliosimama kwenye mstari wa mpinzani wake watalazimika kesho kumbishia hodi. Hapo ndipo ulipo uzito wa uchaguzi huu mdogo, ambao serikali imeuahirisha mara nyingi na vyama vya siasa vinaugombania kimyakimya.

Ngazi tano za mabaraza

Herufi LC ni kifupisho cha jina la Kiingereza la mabaraza ya mitaa. Mabaraza hayo yamepangwa katika ngazi tano: LC1 ni kijiji, LC2 ni parishi inayounganisha vijiji kadhaa, LC3 ni kaunti ndogo, LC4 ni kaunti na LC5 ni wilaya.

Ngazi hizo hazina nguvu sawa. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997, LC3 na LC5 ndizo serikali kamili, zenye bajeti na uwezo wa kushtaki au kushtakiwa. Wenyeviti wake huchaguliwa na wapiga kura wote kwa kura ya siri. LC1, LC2 na LC4 ni vitengo vya utawala tu. Mwenyekiti wa LC2 huchaguliwa na wajumbe wa kamati za vijiji vilivyo ndani ya parishi yake.

Baraza la kijiji ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Hao ndio wanaounda chombo chenye kauli ya mwisho, na kamati tendaji hufanya kazi kwa niaba yao. Sheria ya 1997 iliweka kamati ya watu 10, wakiwamo mwenyekiti, makamu anayeshughulikia ustawi wa watoto, katibu, wasimamizi wa usalama, fedha na uzalishaji, pamoja na wawakilishi wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Chimbuko lake msituni

Utawala wa nyumba kwa nyumba haukuanza na serikali ya sasa. Baada ya kuanguka kwa Idi Amin mwaka 1979, utawala wa UNLF ulianzisha mfumo wa mayumba kumi, uliofanana na ule wa mabalozi wa nyumba kumi nchini Tanzania.

Mabaraza ya leo, hata hivyo, yalizaliwa katika vita vya msituni vya mwaka 1981 hadi 1986. Wapiganaji wa National Resistance Army wakiongozwa na Yoweri Museveni waliunda kamati za siri katika eneo la Luweero, kaskazini mwa Kampala. Kamati hizo ziliwapatia chakula, habari na vijana wa kujiunga na vita. Baada ya Museveni kuingia madarakani Januari 1986, mfumo huo ulienezwa nchi nzima kwa jina la Resistance Councils, yaani mabaraza ya mapambano, na ukapewa sheria yake mwaka 1987.

Kwa wanavijiji wengi yalikuwa mageuzi makubwa. Tangu enzi za ukoloni walitawaliwa na machifu walioteuliwa kutoka juu, ambao walikusanya kodi, waliamua kesi na kutoa adhabu. Sasa waliweza kumchagua kiongozi wao na kumwondoa. Katika miaka ya uhaba iliyofuata vita, mabaraza hayo ndiyo yaliyogawa sukari, sabuni na chumvi. Mwaka 1988 yalipewa pia mamlaka ya kusikiliza kesi ndogo. Katiba ya mwaka 1995 iliyabadili jina na kuyaita mabaraza ya mitaa.

Miaka 17 bila uchaguzi

Katika kipindi chote hicho Uganda haikuwa na ushindani wa vyama. Kila raia alihesabiwa kuwa ndani ya mfumo wa Movement, na wagombea walisimama kwa sifa zao binafsi. Kura ya maoni ya Julai 2005 ilirejesha vyama vingi, na hapo ndipo mabaraza ya vijiji yalipokwama.

Uchaguzi wa LC1 na LC2 ulikuwa umefanyika mara ya mwisho mwaka 2001. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mabaraza yaliyoundwa chini ya sheria za mfumo wa zamani hayakuwa na uhalali tena katika mfumo wa vyama vingi. Sheria ilihitaji kurekebishwa na uchaguzi mpya kuitishwa. Badala yake kura iliahirishwa mwaka baada ya mwaka, na serikali ilitaja mara kwa mara gharama kubwa ya kuchapisha karatasi na kusambaza masanduku katika makumi ya maelfu ya vijiji.

Athari zake ziliwafikia watu wa kawaida. Baadhi ya wenyeviti walifariki dunia au kuhama, na nafasi zao zikashikwa na watu ambao hakuna aliyewachagua. Wengine waliendelea kugonga mihuri ilhali muhula wao ulikwisha zamani. Kwa kuwa Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya Mitaa ya mwaka 2006 iliwapa viongozi hao kazi ya kuamua mashauri, na kwa kuwa migogoro ya ardhi ya kimila ilitakiwa kuanzia LC2, hukumu zao nazo ziliingia shakani. Mtu aliyeshinda shauri la shamba kijijini aliweza kufika mahakama ya juu na kuambiwa kwamba baraza lililompa haki halikuwapo kisheria.

Jinsi mlolongo unavyofanyika

Ufumbuzi uliopatikana ulikuwa wa bei nafuu. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2015 yaliruhusu uchaguzi wa vijiji ufanywe kwa wapiga kura kujipanga nyuma ya mgombea, mwakilishi wake, picha yake au alama yake. Kwa njia hiyo, tarehe 10 Julai 2018, vijiji zaidi ya 60,000 vilichagua viongozi wao kwa siku moja.

Wanaotetea njia hiyo wana hoja nzito. Hakuna karatasi ya kuibwa wala sanduku la kujazwa usiku. Asiyejua kusoma hahitaji msaada wa mtu. Matokeo huonekana kwa macho na kuhesabiwa kwa sauti mbele ya wote.

Wanaoipinga hujibu kwamba uwazi huohuo ndio unaomwumiza mnyonge. Mpangaji hatajipanga kwa urahisi mbele ya macho ya mwenye nyumba anayeunga mkono upande mwingine. Mdeni humwogopa anayemdai, na ndugu hugawanyika hadharani. Mistari nayo huleta ugomvi wake: watu wa kijiji jirani hujipenyeza, aliyekwisha kuhesabiwa huzunguka na kusimama tena, na milolongo miwili inayokaribiana kwa urefu huzua kelele ambazo msimamizi mmoja hawezi kuzituliza.

Ukanda huu una kumbukumbu ya aina hiyo ya kura. Nchini Kenya, chama cha KANU kilitumia mlolongo katika mchujo wa mwaka 1988, na mgombea aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa mshindi wa ubunge bila kupigiwa kura ya siri. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba chama hicho kiliachana na utaratibu huo mwishoni mwa mwaka 1990. Uganda kwa upande wake haijauacha: chama tawala cha NRM kilipanga wanachama wake mistari katika kura za mchujo za mwaka 2020 na 2025.

Vyama na mlango wa kijiji

Mgombea wa LC1 anaweza kusimamishwa na chama au kusimama bila chama. Hapo Uganda inatofautiana na Tanzania, ambako mgombea wa uenyekiti wa kijiji, mtaa au kitongoji lazima adhaminiwe na chama cha siasa na hupigiwa kura ya siri.

Kwa vyama, faida ya kijiji haiishii kijijini. Katika uchaguzi mkuu wa Januari 2021 Uganda ilikuwa na vituo 34,684 vya kupigia kura. Chama kinachotaka kulinda kura zake kinahitaji wakala katika kila kituo, mtu anayewafahamu wakazi kwa sura na atakayebaki hadi fomu ya matokeo itiwe saini. Watu wa namna hiyo hawapatikani kwa mikutano ya hadhara. Hupatikana kwa kamati za vijiji zinazokutana kati ya uchaguzi mmoja na mwingine.

NRM, iliyoyaanzisha mabaraza hayo, ilipata viti vingi zaidi mwaka 2018. Vyama vya upinzani vimekuwa na nguvu zaidi mijini. Hata NUP, iliyotoka uchaguzi wa 2021 ikiwa chama kikubwa cha upinzani bungeni, ilikuwa haijajulikana kwa jina hilo wakati vijiji vilipochagua viongozi wao miaka mitatu kabla.

Msemaji wa kijiji

Kisheria, kazi ya LC1 ni kusimamia amani, kupeleka mahitaji ya wakazi ngazi za juu na kufuatilia huduma za serikali. Daraja likibomoka au zahanati ikikosa dawa, kamati ya kijiji ndiyo inayotarajiwa kupaza sauti. Tangu mwaka 2009 serikali imeendesha pia mikutano ya hadhara ambapo watendaji huulizwa na wananchi kuhusu matumizi ya fedha za umma. Mikutano hiyo hujulikana kwa neno la Kiswahili, baraza.

Mfuko wa kijiji, hata hivyo, ni mwembamba. Sheria inakipa asilimia 25 ya sehemu ya mapato inayobaki kaunti ndogo, lakini mapato hayo yalipungua sana baada ya kodi ya kichwa kufutwa mwaka 2005. Mwenyekiti kwa miaka mingi amelipwa posho ya shilingi 120,000 za Uganda kwa mwaka. Si ajabu kwamba katika vijiji vingi mwananchi huombwa chochote kabla ya barua yake kugongwa muhuri.

Wakati huohuo fedha nyingi zimeanza kupita karibu na mlango wake. Mpango wa maendeleo ya parishi, uliozinduliwa Kibuku Februari 2022, unapeleka shilingi milioni 100 kwa mwaka katika kila parishi ili kaya zikopeshwe. Anayejua nani ni mkazi halisi na nani ni mgeni aliyekuja kutafuta mkopo ni jirani, na jirani mwenye muhuri ni mwenyekiti.

Muhula wa viongozi waliochaguliwa mwaka 2018 ulimalizika Julai 2023. Uchaguzi haukufanyika kwa wakati, na serikali, ikitaja tena ukosefu wa fedha, iliwaongezea muda. Kwa mara ya pili tangu vyama vingi virejee, uongozi wa kijiji ukawa mikononi mwa watu ambao muda wao wa kuchaguliwa ulikuwa umekwisha, huku barua na mashauri ya ardhi yakiendelea kufika mlangoni mwao kila siku.