Muyaka Asiye wa Vita: Upande Usiosomwa wa Malenga wa Mvita

Jina la Muyaka bin Haji al-Ghassaniy (takriban 1776–1840) ni maarufu kwa kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Katika historia nyingi za ushairi wetu, huyu ndiye malenga wa Mazrui, aliyeitetea Mombasa dhidi ya Lamu na dhidi ya Sayyid Said wa Omani. Makala haya yanadai kwamba sura hiyo, ijapokuwa ni ya kweli, ni nusu tu ya mshairi. Na kwamba nusu ya pili imefifizwa na jinsi beti zake zilivyotufikia.

Mwaka 1824, kwa ombi la Mazrui waliomhofia Said, Kapteni Owen aliiweka Mombasa chini ya himaya ya Waingereza. Luteni Reitz aliyeachiwa usimamizi alifariki mwezi Mei mwaka huohuo katika safari ya Pangani, na himaya yenyewe ikafutwa mwaka 1826. Hata hivyo, jina lake lingalipo katika ramani: ndilo la ghuba ya Port Reitz, magharibi ya kisiwa. Mgeni wa miezi michache alihifadhiwa na wachora ramani. Muyaka alihifadhiwa na vinywa vya watu. Ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi aliyezikusanya beti hizo kwa hati za Kiarabu, naye mmisionari William Taylor, aliyefika Mombasa mwaka 1880, akazinakili na kuzitilia maelezo. William Hichens alizichapa Johannesburg mwaka 1940, karne moja baada ya kifo cha mtunzi. Utafiti wa Mohamed Abdulaziz wa mwaka 1979 ndio uliozipa muktadha mpana wa kijamii.

Njia hii ndefu ina athari zake. Ubeti unaomtaja adui hufungamanishwa kwa urahisi na tukio linalojulikana: vita vya Shela, au mashambulizi ya Said. Hupata tarehe, hupata maelezo, na kwa hiyo hupata uzito katika uhakiki. Ubeti wa mapenzi, wa ufukara, wa nyumba au wa urafiki hauna tarehe. Huachwa ukielea, nao mhakiki huuona kama burudani ya kando. Hivyo basi, kipimo cha umuhimu kinakuwa ni urahisi wa kuweka tarehe, wala si ubora wa utungo.

Tatizo hili halikumpata Muyaka peke yake. Emily Dickinson wa Marekani, aliyefariki mwaka 1886, aliacha takriban mashairi 1,800, na machache mno yalikuwa yamechapishwa uhaini mwake. Wahariri wa diwani yake ya kwanza, ya mwaka 1890, walibadili alama zake za uandishi na kuyagawa mashairi chini ya vichwa vinne, mapenzi yakiwa mbali na maisha. Ilibidi kungojea toleo la Thomas Johnson la mwaka 1955 ili msomaji ayaone yote pamoja, bila migawanyo hiyo. Tofauti ni kwamba Dickinson aliacha miswada ya mkono wake, ambayo mhariri aliweza kuirejea.

Kwa Muyaka, suala hili ni zito zaidi tukiukumbuka mwaka 1837. Said aliitwaa Mombasa. Viongozi wa Mazrui wakakamatwa na kuhamishiwa Ghuba ya Uajemi, na wengine wa ukoo wakahamia Takaungu na Gazi. Malenga aliishi takriban miaka mitatu baada ya kuanguka kwa wafadhili wake. Tukimsoma kama mshairi wa vita tu, miaka hiyo inakuwa kimya, kana kwamba alikufa pamoja na utawala. Ilhali katika mji ulioshindwa, fumbo ndilo silaha iliyosalia. Malalamiko ya mpenzi aliyeachwa yaweza kuwa ya mpenzi kweli. Yaweza pia kuwa ya mji.

Hatudai kwamba kila ubeti wa mapenzi ni siasa iliyojificha. Huko kungekuwa kumrejesha Muyaka vitani kwa mlango wa nyuma. Tunachopendekeza ni kwamba beti zisizo na tarehe zichunguzwe kwanza kwa lugha yake zenyewe: Kimvita chake, vina vyake, na jinsi mizani 16 ya mshororo inavyobeba hoja hadi kituo. Zikishasomwa hivyo, ndipo iulizwe kama vita vina nafasi ndani yake.