Kitambaa kikigeuka cheusi: historia ya ngozi ya gari, kwa wenzetu wanaoosha gari Uvira



Siku ya posho asubuhi, ukiteremka Kimanga kuelekea ziwa, utakuta gari za harusi zinaoshwa. Karibu zote ziko nyeusi, ao bluu ya usiku, ao kijani ya giza. Vijana wanaoziosha ni wenzetu: wengine wako na diploma ya Leta, wengine wako na lisansi. Saa tatu gari inang'aa. Saa sita, jua likisimama juu kabisa, mwenye gari anaona juu ya kapo utando wa buibui, mikwaruzo myembamba elfu na elfu inayozunguka mwangaza wa jua sawa mtu aliichora na kompasi. Hapo ndipo maneno yanaanza. «Mumeniharibia gari.» «Hapana, papa, tuliikuta iko hivyo.» Halafu anatokea mzee mmoja wa garaje na kusema: leteni pasta, sugueni kwa nguvu mpaka kitambaa kigeuke cheusi, itaisha.

Mimi nilisomea udongo na mimea, siyo mekaniki. Lakini ukifuata historia ya rangi ya gari unakuta mimea kila mahali, na unakuta pia kwamba yule mzee hasemi uongo. Anasema ukweli wa rangi ambayo haiko tena kwenye gari nyingi.

Tuanze mbali kidogo. Gari za kwanza zilirithi rangi ya magari ya farasi. Rangi ile ilitengenezwa na mafuta ya kitani, yaani mbegu za mmea uleule unaotoa nyuzi za kitani. Ilipakwa na brashi, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka ilingojewa kukauka. Katikati ya tabaka, fundi alisugua na unga wa jiwe la volkano, ndugu ya lile jiwe ambalo mama zetu wanasuguaka nalo visigino. Kazi yote ilichukua majuma na majuma. Kiwanda kinachotaka kutoa gari nyingi kwa siku hakiwezi kungojea hivyo.

Henry Ford alitoa Model T mwaka 1908, na kuanzia mwaka 1914 mpaka 1925 gari ile ilitoka kiwandani nyeusi tu. Weusi ule ulitokana na aina ya lami iliyochanganywa na mafuta ya kitani na kuchomwa ndani ya tanuru. Ulikuwa mgumu, wa bei nafuu na wa kudumu. Kwa hiyo mapenzi ya gari nyeusi, ambayo leo tunayaona sawa heshima ya bwana arusi, yalienea kwanza juu ya sababu ya kiwanda.

Kisha ikaja pamba.

Hapa naomba nikae kidogo, juu hii ni sehemu yangu. Ukichukua pamba ukaitia ndani ya asidi ya nitriki na asidi ya salfa, unapata nitroselulosi. Kwa namna moja ni baruti, kwa namna ingine ni rangi. Kampuni ya DuPont kule Marekani ilikuwa imetengeneza baruti nyingi sana wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na vita ilipoisha ilitafuta kazi nyingine ya elimu ile. Mwaka 1923 wakatoa rangi yenye jina Duco, na General Motors wakaipaka gari za Oakland za modeli ya 1924, rangi ya bluu. Ilirushwa na bomba la hewa, ikakauka haraka. Kazi ya majuma ikawa kazi ya masaa.

Sasa ona miaka ile kwetu ilikuwa nini. Tangu mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ilikuwa na sheria ya kulazimisha wakulima wa Kongo kulima mazao iliyoyachagua yenyewe, na pamba ilikuwa mbele. Tambarare ya Ruzizi, hapa juu ya Uvira, ilikuja kuwa moja ya mashamba yale ya pamba. Mmea ambao babu zetu walilimishwa kwa fimbo, kule ng'ambo ya bahari ulikuwa unageuzwa ngozi ya gari ya tajiri. Wakati tunasoma mambo ya pamba ku fakilte tulifundishwa nyuzi, mbegu, mafuta na wadudu. Rangi ya gari haikutajwa hata siku moja.

Duco ilikuwa na tabia moja: ilipokauka haikung'aa vizuri. Ilibidi isuguliwe na pasta yenye unga wa kukwaruza, mpaka uso ulainike. Tena jua liliichakaza. Ngozi ya juu ilikufa ikabaki sawa chokaa, na dawa ilikuwa kuisugua tena ili kuondoa ngozi iliyokufa na kufikia rangi hai iliyo chini. Rangi za aina ingine zilizofuata katika miaka ya 1930, na zile za akriliki kuelekea mwisho wa miaka ya 1950, hazikubadilisha jambo hili kubwa: rangi yenyewe ndiyo ilikuwa uso. Juu rangi, chini rangi. Ukisugua gari nyeusi, kitambaa kinageuka cheusi, na ni alama kwamba kazi inaendelea vizuri.

Elimu hiyo ndiyo waliyojifunza mafundi wa zamani, Kongo na kwingineko, na wakawaachia vijana wao. Ilikuwa elimu ya kweli. Mtu aliyesugua gari ya mwaka 1960 kwa nguvu mpaka kitambaa kikawa cheusi aliirudishia maisha.

Lakini viwanda vilibadilisha ngozi. Katika miaka ya 1980 karibu kote duniani ulienea mpango wa tabaka mbili: chini rangi nyembamba isiyong'aa sana, juu yake verni ya maji-maji isiyo na rangi, inayokauka sawa kioo. Verni ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayobeba dawa ya kuzuia miale ya jua isiue rangi. Uso wa gari nyeusi ya leo, kwa kweli, hauko mweusi. Weusi uko chini ya dirisha, na ule utando wa buibui uko juu ya dirisha.

Na dirisha lile ni jembamba. Verni ya kiwanda, mara nyingi, ina mikroni 40 hivi, pengine 50. Unywele mmoja wa kichwa chako una karibu mikroni 70. Pasta kali pamoja na mashine inaweza kula mikroni kadhaa kwa mara moja tu. Ukisugua gari ya namna hii na kitambaa kikigeuka cheusi, ujue umetoboa: umemaliza verni na sasa unakula rangi. Hakuna pasta itakayorudisha kitu hapo. Ni kupaka upya kapo nzima, na bei yake inaweza kumeza mshahara wako wa miezi.

Alama ni ileile. Zamani ilisema «endelea», leo inasema «umechelewa».

Sisi watu wa udongo tunaielewa haraka. Kwenye miteremko ya Mitumba udongo mzuri uko juu, kidogo tu, na mvua ikiisha kuuondoa unabaki na mawe. Kila kusugua ni mmomonyoko. Kuondoa mkwaruzo siyo kuufuta. Ni kushusha uwanda wote unaouzunguka mpaka ufike chini ya ule mfereji.

Turudi kwa ugomvi wa saa sita. Kwa nini mikwaruzo inaonekana inazunguka jua? Wengi wanasema ni kwa sababu kijana alipangusa kwa kuzungusha mkono. Siyo lazima. Mikwaruzo imelala kila upande bila mpango, lakini inayorudisha mwanga machoni mwako ni ile tu iliyokaa kukingama na mwangaza. Hiyo, ukiitazama pamoja, inachora duara. Ukisogea hatua mbili, duara linakufuata. Na kwa nini gari nyeupe haina shida? Nayo iko nayo mikwaruzo ileile. Ila weupe unarudisha mwanga toka kila mahali, na mwanga mdogo wa mkwaruzo unazama humo. Weusi unameza mwanga wote, mkwaruzo unabaki peke yake sawa taa usiku.

Na nani anakwaruza? Mchanga. Mulongwe na Kalimabenge zinateremsha mchanga toka milimani mpaka ndani ya mji. Tuliuona wote Aprili 2020, kwa namna ambayo hakuna aliyetamani kuiona. Vumbi la barabara ya Bukavu ni ndugu yake. Ndani yake kuko kwazi, ambayo kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs inapata 7. Kioo cha kawaida kinapata 5 na nusu hivi. Verni ni plastiki, iko chini kabisa ya hapo. Ukichota maji pembeni ya ziwa, pale mawimbi yanavuruga, ukatia kitambaa ndani ya ndoo na kupangusa, unapiga msasa. Maji ya Tanganyika yenyewe yana chumvi-chumvi za madini na pH inayokaribia 9. Yakikaukia juu ya kapo ya moto yanaacha madoa meupe, halafu mtu anachukua kitambaa kikavu kuyasugua, na utando unaongezeka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haigharimu pasta. Chota maji mbali na mawimbi ao yaache yatulie. Mwaga maji mengi kwanza, toka paa kushuka chini, bila kugusa. Shika ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Sehemu za chini za milango ziwe za mwisho, na kitambaa chake kiwe kingine. Fanyia kivulini, kausha kabla jua halijakausha.

Kazi ya pili ni kujua ngozi ya gari ni ya miaka gani, na siyo gari yenyewe, ngozi. Kuna viwanda vilivyoendelea muda mrefu kupaka rangi za kawaida, hasa nyeupe, bila verni. Tena gari iliyopakwa upya garajeni inaweza kuwa na chochote. Chukua kitambaa cheupe kisafi, pasta laini kidogo, sugua polepole mahali pa kujificha pakiwa pameoshwa vizuri. Kitambaa kikishika rangi ya gari, ni ngozi ya zamani, na mzee wa garaje yuko na haki. Kikibaki bila rangi, ni verni, na kuanzia hapo mkono wako uwe mwepesi. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo: ukucha ukikwama, uache huo, ni wa kina. Pasta laini kabisa kwanza, sehemu ndogo sawa karatasi ya daftari, kisha futa na utazame juani. Mkali anakuja tu kama mpole ameshindwa. Kwenye pembe na mikunjo ya bati usisugue, juu hapo verni iko nyembamba zaidi. Kama unatumia mashine, ile inayozunguka huku ikitikisika inasamehe. Ile inayozunguka tu inaweza kuchoma verni kwa sekunde chache, ao ikaacha alama zake mwenyewe.

Maoni yangu mimi, na najua wengine watabisha ku commentaires: gari ya harusi haihitaji kukatwa. Inahitaji kujazwa. Nta nzuri inaingia ndani ya mifereji, mwanga unapita vizuri, picha zinatoka safi. Na nta iliyo bora kwa kazi hii ni mmea tena: karnauba, mchikichi wa kaskazini-mashariki ya Brazili ambao majani yake yanajikinga na ukame kwa kutoa nta. Wanakata majani, wanayaanika, wanayapiga mpaka unga wa nta uanguke. Inayeyuka kati ya digri 82 na 86. Nta ya nyuki, ambayo wengine wanataka kuitumia kwa sababu inapatikana hapa, inayeyuka kwenye digri 63 hivi, na kapo nyeusi ya Uvira saa nane mchana inaweza kuifikia. Italainika na kukamata vumbi. Mazutu ni mbaya zaidi: inang'aa siku moja, kesho yake gari imekuwa ya rangi ya barabara. Ila ukijaza, mwambie mwenye gari kwamba umejaza, na kwamba baada ya kuoshwa mara kadhaa utando utarudi. Ukinyamaza, atasema umemwibia.

Bado kuna jambo linalonisumbua. Gari nyingi za hapa, zile za usukani wa kuume, zimetoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika, zikapita Dar es Salaam, zikafika kwetu. Karatasi zake zinasema mwaka, moteri, namba ya shasi. Hakuna karatasi inayosema kapo ilisuguliwa mara ngapi kabla ya kuuzwa, na ni mikroni ngapi zimebaki. Pengine ni sababu moja ya paa za gari nyingi mjini ambazo zimeanza kubanduka magamba meupe sawa ngozi iliyoungua. Kama huna kipimo, fungua mlango utazame rangi ya ndani ya fremu, pale ambapo jua halifiki na hakuna mtu anayesuguaka. Linganisha na kapo, ukimwita mwenye gari atazame pamoja nawe, kabla hujafungua mkebe wa pasta.