Ethi Isiyogusa Ardhi

Fundi wa umeme akisema "funga ethi", anataka waya wa kijani na njano ufike kwenye chuma kilichochimbiwa chini. "Ethi" tumelitoa kwa Waingereza, "ardhi" kwa Waarabu. Ukiyasikia utadhani ni ndugu.

Lakini simu mfukoni nayo ina ethi, na haigusi udongo. Hapo neno limehama. Maana yake ni sifuri: mahali volti zinapoanzia kuhesabiwa, kwa kawaida upande hasi wa betri. Kila simu ina sifuri yake. Mbili zinazotembea huzungumza bila kuchangia sifuri hiyo, kwa kuwa antena hufuata mabadiliko ya wimbi tu.

Sifuri moja hutakiwa vyombo vinapokutana. Ndege na lori la mafuta, vyote juu ya matairi ya mpira, huunganishwa kwanza kwa waya, ndipo bomba la mafuta lifungwe, cheche isije ikaruka.

Basi waya wa nyumbani tuuite ethi, ya simu tuiite sifuri. Ardhi tuwaachie wakulima.