"Malaika": Kilichovuka Bahari na Kilichobaki Pwani

Ni nyimbo chache za Kiswahili zilizosafiri mbali kama "Malaika". Fadhili William, mwanamuziki wa Kenya, aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliutia katika santuri yao iliyotolewa Marekani. Mwaka 1967 ulirekodiwa na Hep Stars, bendi ya roki ya Uswidi ambayo mpiga kinanda wake, Benny Andersson, alipata sifa kubwa zaidi baadaye katika kundi la ABBA. Mwaka 1981 ikawa zamu ya Boney M., kundi lililovuma kwa muziki wa disko.

Kwa mwanafunzi wa lugha, swali la msingi si ni nani aliyeuimba vizuri zaidi. Swali ni hili: katika safari hiyo, ni kipi kilichovuka bahari na kipi kilichobaki pwani?

Lahani ilivuka, na jina likavuka nayo. Hoja ya wimbo haikuvuka kwa urahisi huo. Anayesema katika wimbo ni kijana anayempenda msichana na kutaka kumwoa, lakini hana mali. Nyuma ya neno mali imesimama desturi nzima ya mahari, ambayo mshairi hakuhitaji kuieleza kwa kuwa wasikilizaji wake waliijua. Tena kitenzi kinachobeba uzito ni kushindwa, katika kauli ya kutendwa. Kijana hakukataa wala hakugeuza nia; ameshindwa, na mshindi wake ni umaskini. Kwa hiyo Mswahili husikia mapenzi pamoja na manung'uniko juu ya jamii inayopima ndoa kwa mali. Msikilizaji wa Stockholm asiyejua Kiswahili wala desturi hiyo hubaki na bembelezo tamu la mapenzi, basi.

Sarufi nayo huweka mpaka wake. Kwa kawaida ya Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Wimbo huu umetungwa kwa sauti ya mwanamume. Mwimbaji wa kike asipobadili kitenzi, hunena kwa kinywa cha mwanamume. Mgeni hatagundua lolote, ilhali mzawa wa lugha atatambua mara moja.

Pana jambo la pili lenye uzito, nalo ni la utunzi. Fadhili William, aliyefariki mwaka 2001, ndiye aliyejulikana ulimwenguni kuwa mtunzi. Hata hivyo, Adam Salim wa Tanzania alidai kuwa aliutunga mwaka 1945, na wengine pia walitoa madai yao. Katika utamaduni wa masimulizi, wimbo hupita kinywa hadi kinywa, na kila mwimbaji huongeza na kupunguza. Sheria ya hakimiliki, kwa upande wake, hutaka jina moja lililoandikwa. Maadamu wimbo uliimbwa mitaani, mgongano huo haukudhuru mtu. Uliporekodiwa ng'ambo na kuanza kuleta fedha, ndipo jina likawa na thamani. Hivyo wimbo wa mtu aliyekosa mali umegeuka kuwa mali ya kugombewa.

Funzo kwa wataalamu wa fasihi simulizi ni dhahiri. Matini ya wimbo, majina ya waimbaji na mahali ulipoimbwa hayana budi kuandikwa mapema, wenyewe wangali hai. Santuri huhifadhi sauti. Haihifadhi ushahidi wa utunzi.