Vinyungu na Mto Ruaha Mkuu

Asimamaye Ipelele, wilayani Makete, alfajiri ya mwezi wa Juni, umande ukiwa umeganda majanini na ukungu ungali umelala mabondeni, haimjii akilini kwamba maji ya nyanda hizi yana wagombanao juu yake. Walakini ni maji ya milima ya Makete na Njombe, kupitia mito kama Mbarali na Kimani, yanayoukuza Ruaha Mkuu, nao ndio unaotazamiwa na mpunga wa bonde la Usangu, na wanyama wa Hifadhi ya Ruaha, na mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu.

Watu wa nyanda hizi tangu kale walikuwa na kilimo cha kiangazi kiitwacho vinyungu. Mvua zikisha kukatika, mkulima hushuka bondeni na jembe lake, akafyeka majani na kuyafukia chini ya udongo mweusi, akainua matuta, na baina ya tuta na tuta akaacha mfereji mwembamba upitishao maji polepole. Hapo hupanda mahindi ya kula mabichi, na maharage, na mboga, apate riziki ya ile miezi ambayo ghala la nyumbani limekwisha na shamba la mlimani halijaiva. Kinyungu kilikuwa kadiri ya nguvu za nyumba moja, na sehemu kubwa ya bonde iliachiwa matete yake, ikaweka akiba mvua ya masika na kuitoa kidogo kidogo hata kiangazi.

Baadaye ikaja miti ya biashara. Mwaka 1949 ulianza Njombe mradi mkubwa wa miwati, ambayo magome yake hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Ikafuata misindano na mikaratusi, na soko la mbao likanawiri Makambako, penye barabara kuu na reli ya TAZARA. Mkaratusi ukiota mlimani hauna lawama kubwa, bali ukipandwa kandokando ya chemchemi hunywa bila ya kupumzika, masika na kiangazi. Na mteremko uliolimwa viazi ukaachwa mtupu, mvua ikiupiga haizami, hukimbia na udongo wake.

Huko chini nako mambo yaligeuka. Wabaluchi walioingia Usangu zama za Waingereza walifungulia maji majaruba ya mpunga. Miaka ya 1970 likasimama shamba kubwa la Mbarali kwa msaada wa China, kisha Kapunga na Madibira, na wafugaji nao wakashuka na ng'ombe wao. Hata mwaka 1993 Ruaha Mkuu, ambao haukuwa na desturi ya kukatika, ukaanza kukauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza mjini London ahadi ya kuurudishia mto maji ya mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2006 Serikali ikaamuru wafugaji waondoke Ihefu, kinamasi cha Usangu. Na mto haujaacha kukauka.

Wako wanaotupa lawama zote juu ya mbingu. Ni kweli kwamba joto likizidi maji hupotea hewani kwa wingi zaidi, na mvua zikija kwa vishindo mto hufurika leo ukapwa kesho. Lakini waliopima maji ya Usangu waliona kwamba kukauka kwa kiangazi kulitokana zaidi na mifereji ya umwagiliaji kuliko upungufu wa mvua.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na kamba hiyo humwangukia kwanza mwenye kinyungu, kwa sababu yeye yu karibu na maji na jembe lake laonekana. Banio la mfereji wa Usangu, ambalo kwa siku moja laweza kuugeuza mto mzima ukaelekea mashambani, halipimiki kwa kamba ya mita 60. Lapimwa kwa saa za kufunguliwa kwake na kufungwa.