Faini au Bei

Boksi lilikuwa la viatu vya shule, ila ndani hamkuwa na kiatu. Shangazi aliliweka chini ya kitanda chake huko East Ham, mashariki mwa London, na tangu 2003 alikuwa akitupia humo kila barua ya benki. Nyingine hakuzifungua. "Najua zinasema nini," aliniambia. Jioni moja ya Juni 2007 aliniruhusu kulitoa. Nikakaa sakafuni na kalamu nyekundu, nikazungushia kila mstari wenye makato ya adhabu. Jumla ilifika pauni 1,140.

Alikuwa akisafisha maofisi usiku katikati ya jiji. Mshahara wake uliingia Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na kodi ya nyumba ilikatwa kwenye akaunti tarehe 28. Mwezi ambao Ijumaa hiyo iliangukia tarehe 29 au 30, kodi haikulipika. Benki iliyarudisha malipo na kumtoza pauni 35. Kesho yake bili ya umeme nayo ikarudi: 35 nyingine. Mshahara ulipofika, benki ilijilipa kwanza, kwa hiyo mwezi uliofuata ulianza na pengo la pauni 70, na pengo hilo likazaa pengo jingine. Kuna mara alitozwa pauni 35 kwa kupungukiwa na pauni 3 na peni kidogo. Nilimwonyesha mstari ule. Akautazama, akaenda kuchemsha chai.

Miaka ile Uingereza nzima ilikuwa ikitoa maboksi yake chini ya kitanda. Aprili 2006 Office of Fair Trading, ofisi ya serikali iliyosimamia haki katika biashara, ilitangaza kwamba tozo za kuchelewa kulipa kadi za mkopo zikizidi pauni 12 itazichukulia kuwa si za haki. Watu wakauliza swali la wazi: ikiwa kwenye kadi ni 12, mbona kwenye akaunti ya kawaida ni 35? Barua za mfano zikasambaa. Ulilipa pauni 10, na kwa sheria ya ulinzi wa taarifa ya 1998 benki ikalazimika kukupa kumbukumbu zako ndani ya siku 40. Ulijumlisha makato ya miaka sita, ukadai. Wakikataa, ulikwenda mahakama ya madai madogo bila wakili. Mara nyingi mabenki yalilipa siku chache kabla ya kesi kusikilizwa, maana hayakutaka hakimu ayaulize kurudisha malipo kwa kompyuta kunagharimu kiasi gani hasa.

Tulituma barua yetu mwisho wa Juni. Tarehe 27 Julai 2007 mlango ukafungwa. Office of Fair Trading na mabenki makubwa saba, pamoja na chama cha ujenzi cha Nationwide, walikubaliana kupeleka jambo lote Mahakama Kuu liwe kesi ya mfano. Msimamizi wa sekta ya fedha aliyaruhusu mabenki kusimamisha malalamiko, na mahakama za chini zikasimamisha kesi. Barua tuliyoipata ilikuwa ya adabu sana: lalamiko lako limepokelewa, litasubiri.

Waliokuwa wamebanwa kweli na hali ya maisha hawakufungiwa kabisa. Mabenki yalitakiwa kuendelea kuwashughulikia. Mshauri wa madeni wa mtaani, wa bure, alitueleza hivyo na kutupa fomu ya mapato na matumizi. Fomu hiyo tulikaa nayo zaidi ya miaka miwili.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu watu wa pwani. Shangazi ni mtu wa Tanga. Alifundishwa kwamba dhiki ni kitu cha kusitiriwa. Mgeni akija utakopa sukari kwa jirani kabla hujamwambia haipo. Fomu ilimtaka aandike unga ni kiasi gani, nauli kiasi gani, nguo kiasi gani, kisha aitie sahihi na kuipeleka kwa watu walewale waliomchukulia pesa. Halafu haikuwa na mstari wa alichokituma nyumbani. Pauni 60 kila mwezi kwa mama yake na ada za shule za wanangu wawili wa mjomba hazikuwa umeme wala chakula. "Niandike wapi?" aliuliza. Nikamwambia kwenye 'mengineyo'. "Mama yangu ni mengineyo?" Akaikunja fomu, akairudisha bokseni.

Mahakamani, kesi ilikuwa ikibishania neno moja. Wakati huo sheria ya zamani ya Kiingereza haikuruhusu mkataba kumtoza mtu adhabu inayozidi hasara aliyoisababisha. Mabenki yakajibu kwamba hakuna adhabu kwa sababu hakuna kosa: mteja anayetoa zaidi ya salio lake hajavunja mkataba, ila ameomba mkopo kimyakimya, na pauni 35 ni malipo ya kulishughulikia ombi lake. Aprili 2008 Jaji Andrew Smith alikubali kwa sehemu kubwa kwamba haikuwa adhabu, lakini akaamua tozo hizo zinaweza kupimwa kwa kanuni za 1999 za mikataba isiyo ya haki. Nilimsimulia Shangazi habari ya ombi la kimyakimya. "Nimeomba lini?" Ndilo alilosema tu. Mahakama ya Rufaa ilikubaliana na jaji Februari 2009, nasi tukaanza kuhesabu pesa ambazo hatukuwa nazo.

Mahakama ya Juu ya Uingereza ilianza kazi Oktoba 2009, katika jengo linalotazamana na Bunge. Tarehe 25 Novemba majaji wake watano walitoa hukumu kwa kauli moja, na mabenki yakashinda. Hoja yenyewe ni kavu lakini inafaa kuielewa. Kanuni za 1999 zilikataza kupima kama bei inalingana na huduma. Majaji walisema akaunti ni fungu moja la huduma, na tozo hizi ni sehemu ya bei ya fungu lote. Ushahidi ulikuwa kwenye hesabu: zilikuwa zaidi ya 30% ya mapato ya mabenki kutoka akaunti za watu binafsi, na mwaka 2006 zilikuwa pauni bilioni 2.6. Kitu kinachoingiza kiasi hicho hakiwezi kuitwa cha pembeni. Hawakusema tozo ni za haki. Walisema hilo, kwa njia hiyo, si swali la kuulizwa, na Lord Walker akadokeza kwamba Bunge huenda likapenda kulitazama upya.

Kwa hiyo ile iliyoitwa akaunti ya bure ilikuwa na mlipaji. Wenye salio walifuta riba ambayo wangeipata. Wasio na salio walilipa 35, halafu 35. Mimi nilikuwa na akaunti ya bure miaka yote hiyo. Sijawahi kumwambia Shangazi.

Desemba Office of Fair Trading ikaacha kesi. Mlango uliobaki ulikuwa ule wa dhiki: unaiambia benki umebanwa, ikikataa au wiki nane zikipita unakwenda kwa Financial Ombudsman Service, msuluhishi asiyetoza mlalamikaji kitu. Januari 2010 Shangazi aliitoa fomu mwenyewe. Saa za kazi zilikuwa zimepunguzwa, na alidaiwa kodi. Aliijaza kwa herufi za kusimama, taratibu, bila kuniuliza. Chini ya karatasi alichora mstari kwa rula, akaandika: Mama, pauni 60.

Benki ilirudisha pauni 320, "kwa nia njema", bila kukiri kosa. Fedha ziliwekwa kwenye akaunti iliyokuwa chini ya sifuri kwa pauni 290. Alichokishika mkononi ni 30.

Sheria ilibadilika baadaye sana. Tangu Aprili 2020 benki za Uingereza haziruhusiwi kutoza kiasi maalumu kwa anayetoa zaidi ya salio; ni riba tu, na haiwezi kuwa juu kwa sababu hakupanga mapema. Mabenki mengi yalipandisha riba hiyo hadi karibu 40%. Msimamizi mpya wa sekta alieleza kwamba mwaka 2016 zaidi ya nusu ya tozo za wasiopanga zilitoka kwa 1.5% ya wateja.

Shangazi alikuwa amesharudi Tanga. Nilimpigia kumpa habari. Baada ya shikamoo na marahaba nikamweleza, naye akasikiliza mpaka mwisho.

"Na zile za mwaka 2003?"

"Hapana, Shangazi. Ni kuanzia sasa."

"Haya," akasema, akaniuliza watoto wamelala saa ngapi jana.