Upele wa sungura: dawa zinazotibu, na zile zinazoweza kumdhuru mtoto wako

Kama nyumbani kwako mnafuga sungura, huenda hili umeshaliona. Sungura aliyekuwa mchangamfu anaanza kujikuna. Puani anatoka ukoko mweupe kama unga uliokauka, halafu ukoko unasambaa midomoni, kwenye kingo za masikio na vidoleni. Wiki chache baadaye hali vizuri, amekonda, amejikunyata kwenye kona ya banda. Na siku zilezile mtoto anayemlisha na kumbeba anaanza kujikuna mikono na tumbo.

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, si daktari wa mifugo. Naandika kuhusu sungura kwa sababu wanaoletwa kwetu ni watoto, na wakati mwingine kilichomfikisha mtoto zahanati si upele wenyewe, ni dawa iliyowekwa nyumbani ili kuutibu. Mama mmoja alinijia na mtoto wa miaka miwili anayekohoa na kuhema haraka. Mafuta ya taa yaliyonunuliwa kwa ajili ya masikio ya sungura yalikuwa kwenye chupa ya soda, chini ya meza. Mtoto aliona soda.

Ni nini kinachomwasha sungura?

Ni utitiri, wadudu wadogo ambao wengi wao huwezi kuwaona kwa macho. Wa kwanza anaitwa Sarcoptes scabiei. Huyu huchimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo, na ndiye anayeleta ukoko wa puani, midomoni na miguuni. Asipotibiwa, sungura anaweza kufa. Wa pili ni Psoroptes cuniculi, ambaye hachimbi. Anaishi ndani ya sikio na kuleta ukoko wa kahawia unaojipanga tabaka juu ya tabaka. Sungura mwenye huyo hutikisa kichwa na kujikuna sikio kwa mguu wa nyuma, na ugonjwa ukiingia ndani zaidi kichwa hulalia upande. Wa tatu, Cheyletiella, huleta kitu kama mba mgongoni, na ukitazama kwa makini utaona mba hiyo kama inatembea.

Si kila manyoya yanayonyonyoka ni utitiri. Mabaka ya duara yasiyo na manyoya yanaweza kuwa fangasi, wale wale wanaowaletea watoto mapunye kichwani. Dawa ya utitiri haitibu fangasi. Ndiyo maana ni muhimu mtu anayejua mifugo amwone sungura kwanza.

Mtoto anajikuna: ameambukizwa na sungura?

Inawezekana, lakini usiwahi kukata shauri. Utitiri wa sungura unaweza kumpanda mtu na kumwasha, hasa sehemu alizomkumbatia mnyama: mikono, kifua, tumbo. Muwasho huanza mapema, ndani ya siku chache. Lakini utitiri huo hauwezi kuendelea kuzaliana kwenye ngozi ya binadamu, kwa hiyo sungura akitibiwa na mtoto akakaa mbali naye, vipele huisha vyenyewe baada ya muda.

Upele wa binadamu ni jambo jingine. Huo hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu: kulala kitanda kimoja, kubebana, kushikana kwa muda mrefu. Huwasha zaidi usiku, na hukaa katikati ya vidole, kwenye viganja, kwapani, kiunoni na sehemu za siri. Kwa watoto wachanga hata kichwani na kwenye nyayo. Aliyeupata mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 kabla hajaanza kuwashwa, huku akiwaambukiza wengine. Kwa hiyo kama wewe na dada yake mkubwa nanyi mnajikuna usiku, usimlaumu sungura. Nendeni zahanati wote pamoja. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, hivyo hakuna sababu ya kuona aibu kuutaja mbele ya muuguzi.

Dawa za nyumbani tunazokutana nazo

Kabla ya kupaka chochote, kumbuka mambo mawili. Sungura hujilamba siku nzima kujisafisha, hivyo unachompaka ngozini leo atakuwa amekimeza kabla ya jioni. Na sungura hawezi kutapika. Sumu ikishaingia, haina njia ya kurudi.

Oili chafu ya gari ndiyo ninayoisikia zaidi. Watu wanasema inaua wadudu, na ni kweli baadhi yao hukosa hewa na kufa. Lakini oili iliyotumika ina mabaki ya vyuma na kemikali za injini, inaunguza ngozi iliyokwisha kuchubuka, na sungura anailamba. Halafu mtoto anamshika sungura, anashika ugali. Mafuta ya taa na dizeli ni hivyo hivyo, na kwa mtoto ni hatari kubwa zaidi, kwani akiyanywa yanaweza kuingia kwenye mapafu. Ikitokea, usimtapishe na usimpe maziwa. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, kisha mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo pamoja na chupa yenyewe. Maji ya betri siyazungumzii sana: ni asidi, inachoma nyama hadi ndani.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe inahitaji maneno zaidi, kwa sababu inauzwa dukani, ina karatasi ya maelekezo, na inaonekana ni dawa halali. Ni halali, kwa ng'ombe na kupe. Nyingi zina amitrazi au sumu za jamii ya viuatilifu vya shambani, na anayeipima kwa kifuniko cha chupa hawezi kujua amempa sungura wa kilo 2 kiasi gani. Mbaya zaidi, nimekutana na wazazi walioona imemsaidia mnyama, wakampaka mtoto. Usifanye hivyo kamwe, wala kwa upele wala kwa chawa. Mtoto aliyeguswa na dawa hizi anaweza kulegea na kusinzia isivyo kawaida, au kutokwa na mate na jasho jingi, kutapika, mboni za macho kuwa ndogo, kupumua kwa shida au kupata degedege. Ukiona dalili hizo usingoje asubuhi.

Dawa ya viroboto ya mbwa ina mtego wake. Zipo zenye fipronili, na hiyo ni sumu kwa sungura hata kama mbwa wa jirani aliipata na akapona vizuri.

Mwarobaini una viambato vinavyopambana na wadudu kweli, hilo silibishi. Tatizo ni kwamba majani uliyochemsha jikoni hayana kipimo, na utitiri uliochimba chini ya ukoko hauguswi na maji ya juu juu. Mafuta ya mbegu zake yawekwe mbali na watoto; yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wadogo walionyweshwa. Shubiri mwitu hupoza ngozi lakini haitibu. Majivu yakichanganywa na maji huwa makali kama magadi na huunguza kidonda. Majivu makavu yaache chini ya banda.

Kitu kimoja cha jikoni nakikubali, kwa mipaka: matone machache ya mafuta ya kupikia, yasiyo ya moto, ndani ya sikio lenye ukoko. Yanalainisha ukoko na kumpunguzia mnyama maumivu wakati unatafuta mtaalamu. Usibandue ukoko kwa kucha wala kijiti. Chini yake ni nyama mbichi, na ukoko utadondoka wenyewe dawa ikianza kufanya kazi.

Usimwogeshe sungura mgonjwa pia. Sungura aliyelowa hupoteza joto haraka na hushtuka vibaya, na akirusha miguu ya nyuma kwa nguvu akiwa ameshikwa vibaya anaweza kuvunjika uti wa mgongo.

Dawa inayotibu

Afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo mara nyingi atachagua ivermektini, sindano ya chini ya ngozi. Dawa hii si ngeni: waliohusika kuigundua, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na inatumika kwa binadamu pia kwa magonjwa kama usubi. Ubaya wake uko kwenye kipimo. Chupa ya asilimia 1 inayouzwa madukani imepimwa kwa ng'ombe, mililita 1 kwa kilo 50. Sungura wa kilo 2 kwa hesabu hiyo anahitaji mililita 0.04, kiasi ambacho kwenye bomba la kawaida la sindano huwezi hata kukiona vizuri. Anayemchoma mililita nzima amempa mara 25. Ndiyo sababu nakuomba umwachie mtaalamu, ampime uzito kwanza.

Dawa haiui mayai. Sindano hurudiwa, mara nyingi baada ya wiki mbili, na hapa ndipo familia nyingi hukwama: ukoko umedondoka, sungura anakula, hela ya sindano ya pili inakwenda kwenye sukari. Mwezi haujaisha ukoko umerudi. Andika tarehe ya kurudia ukutani siku ile ile.

Sungura wote wa banda moja watibiwe pamoja, hata wasioonyesha dalili. Choma nyasi za kulalia, sugua banda kwa maji ya moto na sabuni, liache juani. Utitiri wa masikio unaweza kuishi wiki kadhaa bila mnyama, kwa hiyo rudia usafi huo. Sungura mpya akae peke yake angalau wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wengine.

Kwa mtoto, ivermektini ya mifugo haimhusu kabisa, wala mjamzito asiiguse. Akionekana ana upele wa binadamu, zahanati watampa dawa ya kupaka, kwa kawaida BBE, permetrini au marhamu ya salfa, kulingana na umri. BBE ya watoto hupunguzwa makali kwa maji, na kipimo utaelezwa hapo. Nyumba nzima mpake siku moja. Nguo na shuka zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, au zifungwe kwenye mfuko siku 3. Muwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 hata baada ya wadudu kufa, hivyo usimpake tena na tena kwa hofu.

Mrudishe haraka kama vipele vimetunga usaha, ana homa, uso umevimba, au mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi. Bakteria wanaoingia kupitia mikwaruzo wanaweza kuleta madhara kwenye figo.

Swali la mwisho huwa la kunong'onezwa: tunaweza kumla? Si mara tu baada ya sindano. Dawa hukaa kwenye nyama kwa muda, kwa hiyo kabla mtaalamu hajaondoka mwulize ni siku ngapi za kusubiri, na uandike tarehe hiyo pale pale ukutani, chini ya ile ya sindano ya pili.